Ile "nauli" tunayosainishwa waandishi baada ya semina, ni rushwa au si rushwa?

Ripota_Mkoani

Wakuu habari za jioni. Naomba nilete hili jambo humu maana ofisini kila nikiligusa naambiwa najifanya mtakatifu.

Mimi ni mtangazaji na pia mwandishi kwenye redio moja huku mkoani, diploma ninayo, press kadi ya Bodi ya Ithibati ninayo, kila kitu kimekamilika. Mshahara ndo sina. Kuna kitu kinaitwa posho ya kujikimu ambayo ikija inakuja nusu, isipokuja bosi anakwambia "we si unatokaga kwenye matukio". Na kweli ndo tunavyoishi. Halmashauri ikiwa na uzinduzi, shirika likiwa na warsha, chama kikiwa na kikao, tunaitwa, tunakaa viti vya mbele, tunarekodi, halafu mwishoni dada wa kitengo cha habari anapita na fomu, jina, chombo unachotoka, namba ya simu, sahihi, 30,000 mkononi. Inaitwa nauli hata kama ukumbi unatazamana na ofisi yetu.

Sasa ishu yenyewe. Kuna mradi wa maji ulizinduliwa kwenye kata moja huku, tulienda wote na gari lao, nauli tukasaini, stori ikatoka safi kabisa, mgeni rasmi kafungua bomba, kina mama wamepiga vigelegele. Baadae wananchi wakaanza kupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi kwamba lile bomba lilitoa maji siku ya msafara na siku chache za mbele, basi, mpaka leo ni kavu. Nimepeleka kwa bosi, anasema achana nayo, halmashauri ni wateja wetu wa matangazo. Nikampigia afisa habari nimuulize kiungwana tu, akacheka, akaniambia "kaka wewe si ni wa kwetu, fomu yako ninayo hapa".

Maswali yangu: hii nauli kisheria ni rushwa au ni mazoea tu ya kazi? Na mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu zote hizo anaanzaje kufanya stori ya upande wa pili? Matusi sitaki, nataka ushauri.

Kichwa_Ngumu

Rushwa hiyo mkuu. Trafiki akichukua 5,000 mnamrusha kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, nyie mkichukua 30,000 ni nauli. Uzi wenyewe sijaumaliza.

Mzee_wa_Deski

Mdogo wangu, huyo wa juu kakiri hata kusoma hajasoma. Mimi nimekaa vyumba vya habari Dar tangu enzi za kutuma filamu za picha kwa basi, ngoja nikueleze ninavyoliona, itakuwa ndefu kidogo.

Kisheria hutakuta kifungu kimeandikwa "nauli ya mwandishi". Kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, chenyewe kinaangalia mtu kupokea manufaa ili afanye au asifanye jambo linalohusu kazi za mwajiri wake. Kwahiyo kama 30,000 imetolewa ili uje tu ukae kwenye kiti, mawakili watabishana mpaka kunakucha. Ila siku utakayopokea hela ili stori ya bomba isitoke, hapo hakuna cha kubishana tena, na aliyetoa na aliyepokea wote wamo. Kwa upande wa maadili ni rahisi zaidi, Baraza la Habari lipo tangu 1995 na kanuni zake zinakataza kupokea fedha au zawadi inayoweza kukuyumbisha, na bila shaka chuoni ulizifanyia mtihani ukafaulu.

Lakini mimi sikuiti mla rushwa. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa stori. Ikitoka umehesabiwa, isipotoka imekula kwako, na hela ya stori moja mara nyingi hairudishi hata ile ya bodaboda kwenda kwenye kata kama hiyo yako. Mwenye redio anajua hilo vizuri sana tena kuliko wewe. Anajua kuna mtu mwingine atakulisha, ndo maana anakuambia usoni kwamba we si unatokaga kwenye matukio. Yaani kwa vitendo mwajiri wako ni halmashauri, huyo bosi anakukodisha tu na kinasa sauti chake. Afisa habari aliposema wewe ni wa kwetu wala hakukutania, alikuwa anasoma daftari la malipo.

Na kuna kitu kinaniuma kila siku. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ile ya lazima diploma. Tulipewa miaka mitano kila mtu akasome, watu na mvi zao wamerudi darasani kukaa na watoto, wengine wameacha kazi kwasababu ada hawana. Sheria hiyohiyo inamwambia mwajiri amkatie mwandishi bima na amuingize kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Hebu nitajie mmiliki ambaye umesikia kafungiwa kituo kwa kutokata bima. Waliofungiwa ni magazeti ya kina Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, na walifungiwa kwa walichoandika, leseni wakarudishiwa Februari 2022. Cha diploma kinasimamiwa mpaka mlangoni mwa ukumbi, cha bima hata wakaguzi hawakiulizi.

Halafu watu wanafikiri mwandishi wa bahasha, yaani anayechukua hizo nauli, anaandika uongo. Uongo wa nini sasa? Mgeni rasmi kweli kafungua bomba, maji kweli yametoka, ukaandika ulichokiona. Bahasha kazi yake inaifanya kwenye ile stori ambayo haina mwaliko, bomba hilohilo baada ya msafara kuondoka. Huko hakuna gari, hakuna fomu, hakuna chakula cha mchana, basi na habari hakuna. Na hakuna aliyekukataza kwenda, hiyo ndo sehemu mbaya, wewe mwenyewe unajikuta tu hujaenda.

Msikilizaji_Sugu

Sisi wasikilizaji tunawajua jamani msijifiche 😂 Taarifa ya habari ya redio ya mkoa ni "mkuu wa wilaya amewataka wananchi", ikifuatiwa na "mkurugenzi amewataka watendaji", ikifuatiwa na "mbunge amewataka vijana", halafu matokeo ya mpira. Hakuna siku nimesikia "wananchi wamemtaka mkurugenzi". Nikisikia tu "hayo yamebainishwa katika semina ya siku mbili" najua kabisa hapo wali nyama umeliwa.

Ila kwa mleta uzi, watu wanakupigia simu wewe kwenye kipindi, hawampigii mkurugenzi. Hilo usilione dogo.

Binti_Mahusiano

Naomba niongee kutoka upande wa wanaotoa, maana humu tunaonekana kama mashetani. Nipo kitengo cha mawasiliano kwenye taasisi moja, sitaitaja.

Kwanza hiyo hela haitoki mfukoni kwa mtu. Ipo kwenye bajeti ya shughuli tangu mwanzo, mstari wake kabisa, ukumbi, chai, vipaza sauti, waandishi wa habari. Mhasibu haidhinishi tukio bila huo mstari, na mimi nikijaribu kuutoa bosi ananiuliza unataka tuzindue kimyakimya? Pili mkumbuke hatuwatongozi. Nikituma mwaliko kwenye grupu la waandishi swali la kwanza huwa sio tukio linahusu nini, swali la kwanza inbox ni "dada kuna mazingira?", yaani kuna hela, na akishajua hakuna mazingira siku hiyo anaumwa. Nimeshapigiwa mpaka na mhariri, mtu mzima tunayemheshimu, anauliza vijana wake wameondokaje.

Tatu ni makanjanja, waandishi wa kujifanya. Umealika kumi wanakuja thelathini, nusu hujui wanatoka chombo gani, mwingine ana kamera haina hata betri, kasimama pembeni ya meza ya fomu tangu saa nne. Ukimkatalia anakutishia atakuandika vibaya kwenye ukurasa wake wa Instagram. Hao wa mitandaoni nao ukiwauliza wanasema leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa ghali, na ni kweli kanuni za 2018 zilipotoka maombi, leseni na ada ya mwaka vilifika jumla shilingi 2,100,000, kwahiyo mtu mwenye online TV ya chumbani anakuambia lazima hela irudi.

Sasa kwako Ripota, kuhusu ile kauli ya fomu. Zile fomu tunazitunza kwasababu ya ukaguzi, mkaguzi akija anataka kuona sahihi ya kila aliyelipwa. Kwahiyo huyo kaka aliyekutisha na fomu ajue kwamba fomu hiyohiyo ina saini yake yeye kama aliyeidhinisha. Siku akiitoa hadharani kukuchafua anatoa na ushahidi wa ofisi yake kulipa waandishi. Hataitoa. Watu wanatishia tu.

Kichwa_Ngumu

Sasa nimesoma. Dada hapo juu kasema "mazingira" nimecheka sana. Ila bado ni rushwa.

Stringa_254

Salamu kutoka upande huu wa mpaka. Hii mambo hata hapa Kenya iko, mimi ni stringa, mwandishi wa kulipwa kwa stori, kaunti moja ya magharibi na magavana wameifanya kuwa sayansi, wengine wako na orodha ya wanahabari kwa WhatsApp na ukiandika stori ya ufisadi unatolewa kwa grupu, na ukitolewa kwa grupu huwezi jua mkutano uko wapi, editor anakuuliza mbona wenzako wako na stori na wewe huna.

Lakini wacha niwaambie, tunapigizana kelele juu ya bahasha ya mtu mdogo na kuna bahasha ingine kubwa haiwekwi kwa mfuko. Matangazo ya serikali. Mwaka 2015 serikali yetu iliunda wakala mmoja wa kununua matangazo yote, GAA, yaani mlango mmoja. Februari 2017 ikatoka amri wizara na mashirika ya serikali yaache kutangaza kwa magazeti ya binafsi, yaende kwa MyGov, gazeti la serikali yenyewe, na huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Machi 2024 tena, wakaambiwa matangazo ya redio na TV yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake. Na yale yaliyokuwa yamelipiwa kwa karatasi tu yakabaki madeni, kampuni za habari zimekuwa zikidai serikali mabilioni miaka nenda rudi huku zikifuta watu kazi. Sasa editor ambaye kampuni yake inadai serikali pesa hiyo yote na mishahara ya mwezi inangoja hiyo cheki, ukimletea stori ya waziri unafikiri anaona nini kwanza?

Kuzimwa mitambo watu huona. Januari 30, 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, walizima Citizen, KTN, NTV na Inooro, dunia nzima ikajua. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru stesheni ziache kuonyesha maandamano live, mitambo ikazimwa, watu wakakimbia kortini na korti ikasimamisha hiyo amri. Hiyo iko wazi, unaweza kuipigania. Tangazo lisipokuja mwezi huu hakuna korti utaenda, hakuna barua hata, bosi anasema tu kwa mkutano wa asubuhi tupunguze hizi stori. Kwa hivyo huyo boss wako anayesema halmashauri ni wateja hajakataa kwa ubaya, yeye pia amesaini fomu yake, ni vile tu yake inaitwa mkataba wa matangazo.

Mzee_wa_Deski

Stringa umenena. Hata huku kwetu kamati ya Tido Mhando iliyoundwa 2023 kuangalia uchumi wa vyombo vya habari ilikutana na hayohayo, madeni ya matangazo na waandishi wasio na mikataba. Vinakwenda pamoja, deni lisipolipwa juu huku chini mtu anasaini nauli.

Kasapard_Lushi

Bandugu jambo. Miye niko Lubumbashi. Huku kwetu Congo ile mambo iko inaitwa coupage na hakuna mutu anaificha. Ministre akimaliza kusema, conseiller wake anapita na liste, kila journaliste anapata yake, wengine wanaanza kugombana pale pale mbele ya micro. Patron wa redio anaweza kukupa kazi na akuambie waziwazi mushahara yako ni ile carte ya presse, tembea nayo utafute.

Lakini kuko Radio Okapi, ile ya ONU (Umoja wa Mataifa), ilianza 2002, inasema Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Journaliste wao wanalipwa mushahara ya kweli kila mwezi na wako na motoka ya kazi, kwa hiyo akiwa kwa conférence yeye anaweza kukataa coupage na haone njaa. Batu benyewe wamezaliwa hapa hapa, wamesoma hapa hapa, si kusema ni malaika. Problème moja tu, ile feza inatoka inje. Sijue siku ONU itafunga malango nani atalipa.

Ripota_Mkoani

Nashukuruni sana wakuu, sikutegemea michango ya namna hii. Binti Mahusiano umenitoa hofu kwenye lile la fomu. Kaka wa Lubumbashi nimekuelewa, ila huku kwangu hakuna ONU wala mshahara, kuna mimi na rekoda.

Sasa niulize kivitendo. Nikiacha kusaini kesho, wenzangu wataniona nawachongea, na kweli kodi ya chumba itanishinda. Na hii stori ya bomba naianzaje bila bosi kunifukuza? Nisije nikaonekana shujaa humu halafu nikakosa hata hiyo nusu posho.

Mzee_wa_Deski

Hakuna anayekutaka uwe shujaa. Nauli yenyewe hutaiacha kesho na nikikushauri hivyo nitakuwa nakudanganya kwasababu mimi nina pensheni. Ila tofautisha. Kuna kurudishiwa gharama halisi, umetumia 8,000 unarudishiwa 8,000 na risiti, hiyo nakuelewa. Kuna 30,000 ya kuvuka barabara, hiyo anza kuipunguza pale ambapo unaweza, hasa kwa wale ambao unajua utakuja kuwaandika. Na mkipanda gari lao semeni hewani, "safari hii iligharamiwa na halmashauri". Sentensi moja tu. Sijawahi kuona redio iliyokufa kwa kuisema na msikilizaji anajua apime vipi.

Stori ya bomba sasa. Kosa kubwa litakuwa kuingia hewani na simu za wananchi peke yake, hapo Kamati ya Maudhui ya TCRA ikiletewa malalamiko utakosa pa kusimama, na bosi ndo atapata sababu. Nenda mwenyewe kwenye hiyo kata, siku ya kawaida, piga picha bomba, rekodi watu watatu wanne kwa majina yao kama wanakubali, na uulize yanatokea wapi maji wanayokunywa sasa na dumu moja bei gani. Halafu usianze na mkurugenzi wala huyo afisa habari anayecheka. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019, wana meneja wa wilaya, na pale kijijini kuna chombo cha watumia maji wenye kamati na mhasibu wao. Hao wa kijijini watakuambia ukweli kwanza, kama ni pampu imeungua, kama ni umeme haujaunganishwa, kama ni hela ya dizeli. Inawezekana kabisa hakuna aliyekula kitu, chanzo kimekauka tu, nayo ni habari.

Muulize meneja mambo mawili, mkandarasi alikabidhi lini rasmi na kipindi cha matazamio kinaisha lini. Maana kama bado kiko ndani ya matazamio mkandarasi anatakiwa arudi kurekebisha, na hapo stori yako inageuka kuwa ya kumsaidia meneja kumrudisha mkandarasi, utashangaa mlango unavyofunguka. Akigoma kujibu andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30, nakala unabaki nayo.

Kwa bosi usiende na neno uchunguzi. Mwambie una makala ya ufuatiliaji wa mradi, utampa mkurugenzi dakika zake ajibu. Mabosi wengi wanaogopa stori isiyo na sauti ya mkubwa.

Mama_Klabu

Naongezea hapo, usiende peke yako. Ongea na klabu ya waandishi ya mkoa wako, tafuta hata wenzako wawili wa vyombo tofauti mtoe wote siku moja, halmashauri haiwezi kuwanyima matangazo wote kwa wakati mmoja. Na bodaboda mkichanga inapungua. Zamani TMF, mfuko wa kusaidia vyombo vya habari Tanzania, ilikuwa inatoa ruzuku kwa ajili ya stori za vijijini kama hizi, walianza 2008, ndo mimi nilivyofika vijiji ambavyo mhariri wangu hakuwahi kuvisikia. Fuatilia kama kuna dirisha lolote limefunguliwa sasa hivi.

Binti_Mahusiano

Na ukimpigia meneja wa RUWASA piga kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo yuko site au kwenye kikao. Sijasema mimi.

Ripota_Mkoani

Nimeongea na jamaa mmoja wa gazeti na dada mmoja wa redio ya dini, wamekubali, tunachanga mafuta ya pikipiki. Jumatatu ijayo kuna uzinduzi mwingine, zahanati, na gari la halmashauri linapita kutuchukua saa moja. Tumewaambia tutajitegemea tutakutana hukohuko. Afisa habari kajibu kwa alama ya kuuliza tu mpaka sasa.

Kichwa_Ngumu

Na fomu ya zahanati mtasaini? Mi nauliza tu.